Tonge la Mama

Mama Mkubwa alizikwa kabla sijafika. Nilikuwa Uchindile, kwenye kambi ya wapasua mbao, na treni ilichelewa kama ilivyozoea. Nilipoingia uani kwake Ifakara watu walikuwa wameshatoka makaburini na wananawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni. Nikanawa na mimi, ingawa sikuwa nimegusa udongo. Wanaume walikuwa chini ya turubai wanabishana juu ya barabara ya lami. Ndani akina mama walijaa kwenye mikeka, na mmoja wao akainuka akanipeleka chumbani kwa marehemu ili nikalie huko peke yangu, kama mtoto wa nyumba. Sikulia. Nilitazama kitanda kilichokwisha kutolewa godoro, na kinu cha mti kilichofudikizwa pembeni, nikavuta pumzi, na chumba kizima kilikuwa bado kinanuka mchele, harufu ambayo haikumtoka hata alipoacha kulima. Nilikuwa na swali la kumuuliza marehemu. Nimezunguka nalo Mlimba, Makambako, Tunduma, kila nilikokwenda kutafuta kazi na kila nilikokwenda bila sababu. Kila nilipopita kumsalimia lilinifika kooni, kisha analeta sahani, nakula, naaga. Mara ya mwisho alinipokea kwa furaha kubwa na kunikaribisha kwa jina la mtu mwingine, nikajua nimechelewa. Swali lenyewe ni fupi: katika yale ninayoyakumbuka kuhusu mama yangu, kuna lolote ambalo ni langu mwenyewe?

Mama yangu aliitwa Oliva, mdogo wake Mama Mkubwa. Alikufa kwa homa wakati mimi sijaanza kutembea sawasawa. Hayo yanatosha. Lakini mpaka nilipokuwa kijana nilikuwa na kitu kimoja chake, ambacho sikuwahi kumwonyesha mtu kwa sababu hakikuwa cha kuonyeshwa. Nimelala chali. Juu yangu kuna paa la nyasi, na kwenye nyasi mwanga unacheza, unanyooka, unavunjika, unarudi. Mwanamke aliyejifunga kitenge cha njano anainama. Ananukia mchele uliotoka kwenye kinu sasa hivi. Ananifunika macho kwa kiganja, giza linakuwa jekundu, kisha ananifunua, na mimi nacheka. Ndiyo hiyo tu. Nilikuwa nikiitoa shuleni, bwenini, wenzangu wakisoma barua za mama zao. Niliitumia kama mtu anavyotumia sabuni ya mwisho, kidogo kidogo, nikiogopa itaisha.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, wakati nasubiri matokeo, Mama Mkubwa aliniita shambani kwake Michenga nikamsaidie kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Mtu asiyelijua bonde anaweza kudhani shamba ni mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kule, masika yakikaribia, familia inahama. Kuku, kinu, sufuria, mkeka, mtoto, vyote vinakwenda shambani, na mji unabaki na wazee na mbwa. Dungu letu lilisimama juu ya miti mirefu, sakafu yake ya fito zilizofungwa kwa kamba ya magome, jiko la udongo kwenye kona moja, mikeka kwenye nyingine. Maji yalipoingia yalipita chini yetu taratibu, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na kwenye nafasi kati ya fito uliweza kuona perege wakigeuka. Tulikuwa watatu: mimi, Mama Mkubwa, na Tekla, mjukuu wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno mawili. Mama yake Tekla ni dada yangu Adela, binti wa Mama Mkubwa. Alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akamwacha mtoto mara tu alipoacha ziwa.

Siku ya kwanza niliona jinsi mtoto anavyolishwa. Mama Mkubwa aliketi na sahani ya wali mapajani, akafinyanga tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa kambale, akalisimamisha mbele ya mdomo wa Tekla. Hakumpa.

"Mama yako yukoje?"

Tekla aliliangalia tonge. "Mama njano."

"Njano ya nini?"

"Kitenge."

"Ehe. Ananukia nini?"

"Mchele."

"Mchele wa kinuni. Haya, kula."

Nikacheka. "Mama Mkubwa, unamhoji mtoto kama yuko kituo cha polisi."

"Nyamaza, msomi. Mtoto mdogo namna hii ukimwacha asahau, pale alipokuwa mama yake hapakai wazi. Panaingia kitu."

"Kitu gani?"

"Kula wali wako, unapoa."

Nilikula. Nikawasikiliza, tonge baada ya tonge, mmoja akiuliza na mwingine akilipia chakula kwa maneno yake mafupi. Mama alikuwa amekaa wapi? Dunguni. Juu kulikuwa na nini? Taa taa. Siyo taa, mwanangu, mwanga wa maji, unacheza kwenye nyasi. Kisha mama akainama, si ndiyo? Akakufunika macho hivi, akakufunua, ukafanyaje? Tekla akajua hapo ndipo penye tonge lenye samaki mwingi. "Keka!" akapiga kelele, akimaanisha kwamba alicheka, na akacheka kweli ili kuonyesha. Nikaweka tonge langu chini. Nilishuka ngazi nikasimama kwenye maji hadi magotini, nikijifanya naangalia kamba za makopo tulizozitandaza juu ya mpunga kutishia ndege, na Mama Mkubwa akanifokea kutoka juu kwamba kama nataka kuliwa na mamba nimalize kwanza kuosha vyombo.

Kuanzia siku hiyo adhuhuri za dunguni zilinitisha. Jua likifika katikati maji yalirusha mwanga juu, nao ukacheza chini ya paa vilevile kama kichwani mwangu, na mimi nikalala chali makusudi, nikamtafuta mama. Alikuja. Lakini sasa nilimsikia aliyekuwa akimleta. Chini ya kitenge kulikuwa na sauti ya Mama Mkubwa ikisema kitenge, na chini ya harufu ya mchele kulikuwa na mkono wake wenye mchele. Nilijaribu kuutazama uso wa mama na nikagundua jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote ile: uso haukuwepo. Palikuwa na mahali pa uso. Hakuna aliyewahi kunieleza uso, kwa hiyo sikuwa nao.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa utingo wa lori, tulimpa lifti mwalimu wa chekechea kutoka Mang'ula, mwanamke mcheshi aliyekuwa na boksi la chaki mapajani, na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu nilimuuliza mtoto mchanga anakumbuka nini. Alisema mtoto anakumbuka tangu mwanzo, tena sana. Anaijua sauti ya mama kabla ya kuiona sura, anajua titi, anajua mgongo uliombeba. Ila hayo anayajua kwa mwili, kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani gizani. Hayana mahali wala siku. Maneno yakishaingia ndipo anaanza kuweka akiba ya mambo yaliyompata, na mengi anayoyaweka ni yale ambayo wakubwa wanakaa naye na kuyarudia. Ya kabla ya hapo yanapotea karibu yote. "Na akisimuliwa jambo ambalo hakuliona?" nikauliza. Akacheka akasema, "Akisimuliwa vya kutosha, ameliona." Dereva akaongeza sauti ya redio. Mimi nilitazama dirishani mpaka tulipofika, kwa sababu kile alichonieleza kwa upole vile nilikuwa nimekishuhudia Michenga kikifanyika kwa wali na mchuzi, na kulikuwa na kipande kimoja ambacho maelezo yake hayakukifikia.

Kipande hicho kilianza mpunga ulipokuwa unatoa masuke. Ndege walikuwa wengi, nami nilishinda nimesimama ukingoni mwa dungu nikirusha madonge ya udongo kwa kombeo, Mama Mkubwa akiwa upande wa mbali wa shamba na debe lake. Nikamsikia Tekla nyuma yangu akicheka. Nilipogeuka alikuwa amekaa akinipa mgongo, ameelekea kona isiyo na kitu, ile iliyo mkabala na jiko. Alikuwa akijifunika macho kwa viganja, anajifunua, anacheka. Anangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake zamu. Kisha anacheka tena, kwa kitu kilichofanyika katika zamu ile. Fito za upande ule zililia, kama zinavyolia mtu akihamisha uzito kutoka paja moja kwenda jingine.

"Tekla, unacheza na nani?"

"Mama."

"Mama yuko kwenye miwa."

"Mama huyu." Hata hakugeuka. Aliinua mkono wake wa kushoto, akakikunja kidole cha mwisho hadi kikazama kiganjani, akanionyesha vilivyobaki. "Hiki hana."

Nilijiambia ni mchezo. Dada Adela ana vidole vyake vyote, nilimwona mwenyewe. Lakini jua lilipoanza kushuka na sahani ikaja, Mama Mkubwa alifinyanga tonge akauliza kama siku zote, mama yako yukoje, na Tekla badala ya kusema njano akainua mkono na kukunja kidole. "Hiki hana." Tonge lilimponyoka Mama Mkubwa. Lilianguka kwenye fito, likapita kati yake, tukalisikia linapiga maji, kisha tukasikia samaki wakiligombania chini yetu. Mama Mkubwa hakufinyanga jingine. Alinisogezea sahani, "Mlishe wewe," akaenda kusimama ngazini akitazama mpunga. Niliporudia swali lake, mtoto alikula bila kujibu, na mimi sikumlazimisha.

Nilijua maana yake kutoka kwa Bwana Shomari. Huyu alikuwa na duka Ifakara, mtu wa asili ya pwani, kofia yake nyeupe haikuwahi kupata tone la tope, na msimu wa maji alikuwa anapitisha mtumbwi madunguni akiuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Alifika siku moja, Mama Mkubwa akiwa shambani. Akashika nguzo ya dungu, akanitazama na kombeo langu.

"Msomi! Hao ndege hawakuelewi. Jaribu kwa Kiingereza."

"Nimeshajaribu, Bwana Shomari. Wanasema wanataka cheti."

Akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Tekla alikuwa amejilaza kifudifudi ukingoni, akamnyooshea mkono apewe kipande cha sukari guru, kama alivyozoea. Aliunyoosha wa kushoto, kidole cha mwisho kimekunjwa. Shomari aliacha kucheka.

"Nani kamfundisha mtoto huyu kuiga mkono wa Oliva?"

"Oliva yupi?"

"Kwani wako wangapi? Marehemu mama yako. Alikuwa akipokea chumvi hapahapa, hivihivi, mkono wa kushoto, kile kidole kimekatika." Aliniangalia, akaona sijui. Akashusha macho kwenye bidhaa zake. "Basi, mimi nimezidisha maneno. Sabuni mnataka au hamtaki?"

Mama Mkubwa aliporudi nilimweleza. Alisema Shomari ana mdomo mrefu kuliko mtumbwi wake. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema nikoleze moto. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia Tekla, na hapo aliniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyekuwa akitegemea mimi ndiye nimjibu. "Siyo mimi," akasema. "Wewe je?" Mimi ningesemaje jambo nisilolijua? Tuliketi, moto unavuma, mtoto anachora kwenye majivu kwa kijiti. Kesho yake Mama Mkubwa alihamisha mikeka yote upande wa jiko, tukawa tunalala tumebanana kama magunia, na kwenye ile kona akatundika ungo, uso wake umeelekezwa ukutani. Sikumuuliza ungo ule ni wa nini. Nilikuwa kijana niliyesoma, niliyejua kemia ya kutosha kufaulu, na nilishukuru kwamba ungo ulikuwepo.

Dada Adela alirudi mpunga wa kwanza ulipoanza kuvunwa. Maji yalikuwa yamekauka na tope limepasuka, akaja kwa miguu katikati ya mchana, gauni la kijani, mafungu mawili ya miwa kichwani, biskuti kwenye mkoba. Tulikuwa tumekaa kivulini chini ya dungu tukitwanga pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kupondwa. Alitua mzigo akapiga magoti mbali kidogo, akamfungulia mtoto mikono. Tekla alimwendea. Hakumkumbatia. Aliushika mkono wa kushoto wa mama yake, akafungua vidole kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, akakivuta polepole, kama anayejaribu kuona kama kitatoka.

"Ananikagua kama ng'ombe wa mnadani!" Adela akacheka. Sisi hatukucheka.

"Siyo huyu," Tekla akasema. Akarudi akajificha nyuma ya mguu wangu.

Adela alisema ni aibu tu, mtoto amemsahau, atazoea. Akampa biskuti, mtoto akazipokea na kuzila akiwa nyuma yangu. Chakula kilipoiva Adela alichukua sahani, akafinyanga tonge, na Tekla akafunga mdomo. Akageuza uso, akatazama juu, kwenye fito za dungu, upande wa kona ile, akaita, "Mama!" Hakulia. Aliita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Tukajikuta sote watatu tumetazama juu, na nakiri kwamba tulisubiri.

"Mama," Adela akasema, na sasa alikuwa akimwambia mama yake mwenyewe, "umemwambia nini mwanangu?"

"Nimemwambia habari zako. Kila siku. Kila tonge."

"Zangu? Kidole changu hiki hapa! Kitenge cha njano mimi sina, sijawahi kuwa nacho! Hapo dunguni mimi nimekaa na huyu mtoto lini?"

Mama Mkubwa aliweka mchi chini. Alikuwa mwanamke wa maneno ya haraka, lakini haya yalitoka yakijikwaa. "Nikitaka kumsimulia mama," akasema, "anayekuja ni Oliva. Nafumbua mdomo niseme Adela, naona Oliva ameinama juu ya mtoto. Mama aliyeondoka akaacha mtoto mdogo, mimi namjua huyo mmoja. Nilizoea kumsimulia yeye." Hakunitazama aliposema nilizoea. "Labda na kidole nilikisema. Sikumbuki kukisema. Nakula kiapo sikumbuki."

"Mimi hukuniambia," nikasema.

"Wewe nilikuficha."

"Kwa nini?"

Ilibidi Adela amguse begani. Ndipo Mama Mkubwa aliposema kwamba mama yangu alikuwa akivuna, mimi nikiwa mgongoni. Nikamvuta nywele, au nilishtuka usingizini, hakuna ajuaye, mundu ukateleza. Mama alifunga kidole kwa kipande cha kitenge akamaliza mstari wake, na jambo la kwanza alilomwambia dada yake ni kwamba mtoto asije akaambiwa hata siku moja. "Sasa ungekuwa unamwona kila siku mkono ule kichwani, ungeuliza," Mama Mkubwa akasema. "Kwa hiyo nilipokulisha, nilikupa mama mwenye vidole vyote."

Sikujua nifanye nini na zawadi hiyo. Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimeishi miaka yote na mwanamke aliyetengenezwa, na binti mdogo aliyezaliwa miaka mingi baada ya kifo chake ndiye aliyepewa yule wa kweli, mwenye jeraha. Nilikata mpunga na kila nilipoushika mundu nilijihisi nina uzito mgongoni.

Adela ndiye aliyetupita sote kwa akili. Hakumpigia mtoto kelele wala kumbembeleza. Siku moja ya mavuno, tumekaa kula, nilimwona akikikunja polepole kidole chake cha mwisho, akakizamisha kiganjani, akafinyanga tonge kwa vidole vilivyobaki na kulipeleka mbele. Tekla aliutazama mkono kwa muda mrefu. Kisha akafungua mdomo. Mama Mkubwa alijifunika uso kwa upande wa khanga yake. Adela aliendelea hivyo mlo baada ya mlo, na kila baada ya muda alikilegeza kidogo kidole kile, nacho kikachomoza kidogo, mpaka wakati gunia la mwisho linashonwa kilikuwa kimenyooka chote na mtoto anakula bila kukitazama. Akamwita mama. Kona ya dungu hakuitazama tena. Tulipobomoa dungu niliutungua ungo mwenyewe, na nyuma yake hapakuwa na kitu, buibui tu na makapi.

Siku niliyoondoka Michenga, Mama Mkubwa alinisindikiza hadi njia panda. Nilimwambia sitarudi kuamia tena, naenda kutafuta maisha, na alijua, nadhani, kwamba nilikuwa nakimbia. Akanishika sikio kama mtoto mtukutu, akalivuta hadi kwenye mdomo wake. "Alikuwa na jina lake la kukuita," akasema. "Yeye peke yake. Sijalisema tangu tulipomzika, wala hukulisikia kwangu hata kwa bahati mbaya. Hili sikulitia kwenye tonge." Akaninong'oneza. Kapunje. Kama punje ya mpunga, ndogo. Sikumwambia mke wangu tulipokuwa pamoja, sikumwambia mtu yeyote barabarani. Nililibeba kama kitu pekee kisichopitia mdomo wa kulisha. Lakini lilikuwa limepitia mdomo wa kunong'ona, na hilo ndilo lililonirudisha kila mara mlangoni kwake: je, nililijua kabla hajaniambia? Liliponigusa sikio nilisikia kitu kikigeuka ndani yangu, mbali sana, kama perege chini ya sakafu. Au nilitaka kusikia.

Jioni ya msiba watu walipopungua nilienda jikoni kutafuta maji. Tekla alikuwa huko, mwanamke mtu mzima sasa, anauza vipodozi sokoni, amekaa kwenye kibao na mwanawe mdogo mbele yake na sahani ya wali wa msibani. "Shikamoo, mjomba. Umepungua! Huko kwenye mbao mnakula maranda?" Nikamwitikia, nikakaa kwenye gunia. Alikuwa anamlisha mtoto. Nilitazama mkono wake. Alifinyanga tonge kwa vidole vinne. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekunjwa, kimezama kiganjani, na alikuwa anazungumza nami mambo ya sanda na jeneza bila habari nacho kabisa.

"Kidole kina nini?"

Alikitazama kama cha mtu mwingine. "Hiki? Sijui, mjomba. Nikimlisha mtoto kinajikunja. Mama huwa ananicheka, halafu analia. Anasema niwaulize nyinyi."

"Mwaka ule wa Michenga unaukumbuka?"

"Mimi? Nilikuwa hivi." Akaonyesha urefu wa kibao. "Sikumbuki dungu, sikumbuki ndege, wewe mwenyewe sikukumbuki. Nimeambiwa tu." Akampa mtoto tonge. "Ninalo jambo moja, ila siyo jambo. Bibi nilipomweleza, zamani, sijaanza shule, alinikataza kulitaja. Leo kaondoka, basi. Ni mwanamke. Nimelala, ananifunika macho, ananifunua. Mama anasema siyo yeye, bibi naye siyo, huyu ni mwembamba, ana mwanya hapa mbele na alama chini ya jicho. Uso wake naujua kuliko ninavyoujua wa mama." Alisema uso. Nilishika ukingo wa gunia. "Na ananiita, lakini jina siyo langu. Ndiyo maana nikiwa mdogo nilikuwa naona kama ananichukulia mimi ni mtu mwingine, ananitazama mimi anamtafuta mtu."

"Anaitaje?"

Tekla alifinyanga tonge jingine. Alilisema taratibu, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, ile ambayo mtu humwamshia mtoto asimshtue.

"Kapunje."

"Naam," nikaitika.

Mtoto wake aligeuka kunitazama. Tekla pia, tonge likiwa bado mkononi, kidole kimekunjwa.